Mume wangu amepiga marufuku matunda nyumbani, na mama yake anadhani ni mimi

Shikamoo Mshauri,

Naomba unisaidie kwa jambo ambalo nikiwaeleza watu wanacheka, lakini ndani ya nyumba yangu halichekeshi hata kidogo. Ugomvi wetu ni juu ya matunda.

Naishi Dar es Salaam na mume wangu na watoto wetu watatu. Mume wangu ni mtu wa Muheza. Mama yake ana shamba lenye michungwa na miembe, na tangu tuoane kila msimu alikuwa akitutumia tenga la maembe au gunia la machungwa kwa basi. Watoto walikuwa wakingoja tenga la bibi kuliko wanavyongoja sikukuu.

Baba mkwe wangu alifariki kwa kisukari. Kilianza kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu, mwisho akakatwa mguu, na mume wangu ndiye aliyemuuguza mpaka siku ya mwisho. Mwaka huu kazini kwao walipimwa afya, sukari yake ikasoma 6.6 kabla hajala. Daktari akamwambia bado hajawa mgonjwa ila yuko karibu, apunguze sukari na apunguze tumbo. Dawa hakupewa. Wala hakuelezwa apunguze sukari ipi.

Basi akaanza kutazama video kwenye simu usiku. Kuna mtu anaeleza kwamba sukari ni sukari tu, ya tunda inakwenda kwenye ini na kugeuka mafuta, embe moja ni sawa na soda, na matunda ya siku hizi yamefanywa matamu kupita kiasi. Akaamka asubuhi akasema matunda hayaingii tena nyumbani kwetu, si kwake tu, hata kwa watoto, maana ugonjwa huu uko kwenye ukoo wao. Tenga lililofuata alilipokea stendi akaligawa lote pale pale kwa bodaboda na wapiga debe. Kisha akampigia mama yake akamwambia asitume tena. Hakumweleza sababu ikaeleweka. Mama mkwe ameumia, hanipigii simu tena, na wifi yangu amenidokeza kwamba mama anaamini mimi ndiye niliyemkataza mwanawe, eti nimekuwa wa mjini naona vya shamba havifai.

Kinachonichanganya ni kwamba huyu huyu mume wangu asubuhi anakunywa chai ya asali, vijiko viwili vikubwa, anasema asali ni dawa. Tende anakula tatu, nne. Wali anakula kama zamani. Nikimgusia ananiambia nimwachie mambo hayo. Yeye ana shahada, mimi niliishia kidato cha nne, kwa hiyo kwenye mambo ya kusoma huwa nanyamaza.

Nami nina siri. Mchana akiwa kazini nawapa watoto matunda kwa jirani, au nawakamulia juisi ya machungwa bila kutia hata punje ya sukari, maana hiyo najua ni salama. Nimewaambia wasimwambie baba. Sasa juzi binti yangu wa kati, ana miaka minane, alikataa ndizi kwenye sherehe ya rafiki yake. Nilipomuuliza akasema, "Sitaki kukatwa mguu kama babu." Usiku ule sikulala.

Je, sukari ya matunda ina madhara kweli? Nani mkweli kati ya mume wangu na mama yake, ambaye anasema tunda ni kitu cha Mungu haliwezi kumdhuru mtu? Na nifanye nini bila kumvunjia heshima mume wangu wala kumpoteza mama mkwe?

Mama wa Watatu, Dar es Salaam

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma na kuirudia, na sikuona cha kuchekesha. Umeuliza juu ya sukari, nami nitakujibu kadiri ya ninavyojua, lakini humo ndani mna zaidi ya sukari. Mna mwanamume aliyemfunga baba yake bandeji na sasa ameisikia namba inayomkaribisha njia ile ile. Mna mama ambaye zawadi yake imekataliwa bila maelezo. Na mna mtoto wa miaka minane anayeogopa ndizi. Huyo ndiye aliyenishika zaidi, nitamrudia.

Nianze pale ambapo mumeo ana haki, kwa sababu ukimwendea na maneno kwamba amedanganywa kila kitu hatakusikiliza, na hatakuwa amekosea kutokukusikiliza. Ni kweli kwamba glukosi na fruktosi, aina mbili za sukari zilizomo kwenye embe, ni zile zile zilizomo kwenye sukari ya dukani. Ni kweli kwamba fruktosi hushughulikiwa zaidi na ini, na ikiingia nyingi kwa mkupuo ini huigeuza mafuta. Hata huo mfano wa soda si uzushi mtupu. Gramu 100 za embe lililoiva zina sukari gramu 14 hivi, kwa hiyo dodo kubwa lenye nyama ya gramu 300 lina sukari ya gramu 40 hivi. Soda ya mililita 300 ina gramu 30 na kitu. Kwa hesabu hiyo peke yake, dodo limeishinda soda.

Kasoro ya hesabu hiyo ni kwamba haisemi sukari inafikaje mwilini. Ya kwenye tunda imefungwa ndani ya chembechembe zenye kuta za nyuzinyuzi, imechanganyika na maji mengi, na huipati mpaka utafune na tumbo lisage. Inatoka pole pole, kama watu wanaotoka uwanjani kwa mlango mmoja, wakati soda ni milango yote imefunguliwa mara moja. Mwaka 1977 watafiti wa Uingereza waliwapa watu 10 wenye afya matufaha mazima, siku nyingine yaliyopondwa, siku nyingine juisi yake, kiasi cha sukari kikiwa kile kile. Juisi ilinyweka mara 11 upesi kuliko tufaha zima lilivyolika, haikuwashibisha vile, insulini, yaani homoni ya kongosho inayoshusha sukari ya damu, ilipanda zaidi, na baada ya kupanda sukari yao ya damu ilishuka kwa ghafla, jambo ambalo tufaha zima halikulifanya. Tunda lilikuwa ni lile lile.

Kwa sababu kama hizo Shirika la Afya Duniani, lilipotoa mwongozo wa sukari mwaka 2015, lilihesabu ile inayotiwa kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ya asali, ya shira na ya juisi za matunda. Iliyomo ndani ya tunda zima haikuingizwa kwenye hesabu hiyo. Pendekezo lao ni kwamba sukari waliyoihesabu isifike asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula cha siku, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50, na kushuka mpaka nusu ya hapo ni bora zaidi. Shirika hilo hilo linataka mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku.

Ukiitazama nyumba yako kwa jicho hilo utaona jambo. Vijiko viwili vikubwa vya asali vina sukari zaidi ya gramu 30. Mumeo ameiondoa ile isiyohesabiwa na kuibakisha inayohesabiwa. Hata hivyo, mwanangu, naomba usimkimbilie na habari hii, maana juisi yako ya machungwa nayo iko upande huo huo wa hesabu. Bilauri ya mililita 250 inataka machungwa matatu au zaidi, na ndani yake mna sukari ya gramu 20 na ushee, nyuzinyuzi nyingi zikiwa zimebaki kwenye chujio. Mtoto akipewa machungwa yale amenye mwenyewe, huenda angekula moja, la pili akaliacha nusu. Sikuambii juisi ni sumu. Bilauri ndogo mara moja moja haimwangushi mtoto mwenye afya. Nasema tu kwamba kile ulichokiona salama kuliko vyote ndicho kilicho karibu zaidi na kile mumeo anachokihofia.

Tafiti zilizofuatilia watu kwa muda mrefu zinaelekea huko huko. Ule wa Marekani uliotolewa mwaka 2013, kwa watu zaidi ya 180,000 wa kada za afya, uliona kwamba waliokula zaidi matunda mazima, hasa zabibu, matufaha na beri za bluu (blueberry), walipata kisukari aina ya pili kwa uchache, na waliozidisha juisi walikipata zaidi. China, kwa watu wapatao nusu milioni, matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba waliokula matunda kila siku walikuwa na hatari ndogo kwa asilimia 12 kuliko wasioyala au waliokula kwa nadra sana. Tafiti za namna hii zina udhaifu wake, na mumeo msomi ataujua: anayekula matunda pengine pia anatembea zaidi, havuti sigara, ana uwezo. Tena Wamarekani wale hawakuwa wakila dodo za Muheza. Ila kama tunda zima lingekuwa ndilo linalozalisha kisukari, tungetarajia kuona kinyume chake.

Kuna utafiti mdogo wa Denmark wa mwaka 2013 ambao naupenda kwa sababu uliwahusu watu waliokwisha kuambiwa wana kisukari. Wagonjwa wapya 63 waligawanywa, nusu wakaambiwa wale matunda angalau mawili kwa siku, nusu wasizidishe mawili. Baada ya wiki 12 kipimo chao cha wastani wa sukari hakikuwa na tofauti ya maana.

Na mama mkwe je? Naheshimu imani yake, na sehemu kubwa ya maisha yake imemthibitishia kwamba tunda halimdhuru mtu. Lakini mtu anayelima siku nzima Muheza na mtu anayekaa ofisini Dar es Salaam hawatumii sukari sawa. Aliye ukingoni kama mumeo akikaa na kisu na maembe matatu baada ya sahani ya wali, sukari itapanda, na Mungu aliyeumba embe ndiye aliyeumba kongosho lenye mpaka. Nusu ya embe la wastani, au kipande cha papai, au chungwa moja, au mapera mawili madogo, hicho ndicho kiasi ambacho wataalamu wa lishe huanza nacho kwa mtu wa hali yake. Pera kwa kweli ni tunda ninalolisifu, lina nyuzinyuzi kama gramu 5 kwa kila gramu 100, na watu wanalidharau kwa sababu ni rahisi. Tende ni tunda pia, lakini iliyokauka theluthi mbili ya uzito wake ni sukari, hivyo chache ni chache kweli. Na wapo ambao matunda mengine yana masharti kwao kwa sababu zisizohusu sukari: wenye figo zilizochoka huambiwa wapunguze ndizi, machungwa na madafu kwa sababu ya madini ya potasiamu yaliyomo, na balungi hugombana na baadhi ya dawa za presha na za lehemu. Mumeo hujasema ana hayo, ila ajue.

Lakini mbona sote tunazungumza matunda tu? Daktari alimwambia mambo mawili, sukari na tumbo, na la tumbo naona limepotea njiani. Sahani ya wali wa gramu 300 ina wanga zaidi ya gramu 80, na wanga huo mwisho wake ni glukosi kwenye damu. Mwaka 2002 ulitolewa utafiti mkubwa wa Marekani wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa ukingoni kama yeye. Waliosaidiwa kupunguza uzito kidogo, lengo likiwa asilimia 7 ya uzito wao, na kufanya mazoezi kama ya kutembea haraka dakika 150 kwa wiki, walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliomeza vidonge vya metformin, dawa ya kisukari, walipunguza kwa asilimia 31. Habari hii naiona ni tamu kuliko zote kwa nyumba yenu: kuwa na baba aliyekufa kwa kisukari kunaongeza hatari, hakuandiki hukumu.

Sasa nikuulize wewe. Umeniuliza nani mkweli, kana kwamba akipatikana mkweli ugomvi utakwisha. Una hakika? Fikiria mwanamume ambaye hakuweza kuuzuia mguu wa baba yake usikatwe. Leo amepewa namba yenye kutisha, hakupewa dawa, hakupewa maelezo. Amekipata kitu kimoja anachoweza kukishika na kukitupa nje ya mlango. Ukimpokonya kitu hicho kwa hoja, hata ukiwa na haki, unambakishia hofu mikono mitupu. Sidhani kwamba analigawa tenga la mama yake kwa dharau. Inawezekana analiona lile tenga na kumwona baba yake. Mimi simjui, wewe unamjua, kwa hiyo lipime neno hili. Umewahi kumuuliza anaogopa nini hasa, wakati ambao hakuna embe wala chai ya asali katikati yenu? Kuuliza swali hilo hakuhitaji shahada, na cheti chako cha kidato cha nne kisikuzibe mdomo.

Njia unazo kadhaa, na kila moja ina gharama yake. Unaweza kuendelea kama ulivyo, kimya kimya kwa jirani. Watoto watapata matunda, na nyumba itakuwa tulivu kwa muda. Lakini watoto watatu hawatunzi siri, na siku ikifichuka mzozo hautakuwa tena wa matunda, utakuwa wa kwamba mama na watoto wana upande wao na baba ana wake. Tena mtoto anayeambiwa kitu kinaua, kisha anapewa kitu hicho kwa kificho, anajifunza nini?

Unaweza kumweleza mambo niliyokuandikia hapa. Kwa mtu anayependa kusoma huenda ikasaidia, hasa ukianza na yale anayosema kweli. Hatari yake ni kwamba atakuletea video nyingine, nawe utatafuta yako, na mtakuwa mnapigana kwa simu.

Unaweza kupendekeza mpime badala ya kubishana. Mashine ndogo ya kupimia sukari huuzwa kwenye maduka mengi ya dawa, ingawa vile vijiti vyake si rahisi kwa bei. Apime kabla ya kula nusu embe, apime tena saa mbili baadaye. Siku nyingine afanye hivyo kwa chai ya asali, siku nyingine kwa wali. Wapo watu ambao namba zao wenyewe ziliwatuliza kuliko maneno ya mtu yeyote. Lakini mwangalie: mtu mwenye hofu anaweza kugeuka mtumwa wa mashine, akajitoboa kidole kutwa. Na namba moja haitoshi kuhukumu chakula, maana usingizi, homa, mawazo na alichokula kabla yake vyote vinaigusa. Msiitumie kama rungu, wewe wala yeye.

Unaweza pia kumwomba mtenganishe sahani. Yeye awe huru kuacha matunda kwa sasa kama moyo wake haujatulia, mboga za majani na maharage zitamfaa sana, na watoto waruhusiwe yao. Hapo humnyang'anyi kitu, unamwomba tu asiubebeshe mwili wao mdogo hofu yake. Gharama yake ni kwamba atakaa mezani akiwatazama wakila kile anachoamini kitawaua, na hilo si dogo kwa baba.

Kwa binti yako nisingengoja njia ipatikane. Maneno yale ameyatoa kwenye mazungumzo ya wakubwa, na mtoto wa umri huo anaweza kuyabeba miaka. Jinsi ya kumwambia utaamua wewe, ila aelewe kwamba babu aliugua ugonjwa mkubwa kwa muda mrefu, kwamba ndizi haikumkata mguu, na kwamba baba anajitunza ili awe naye. Ingekuwa heri kama maneno hayo angeyasikia kwa baba mwenyewe. Na wewe ukimweleza mumeo kisa cha ile sherehe, kwa upole, bila "umeona ulichofanya", pengine kitamfikia kuliko gramu zote nilizohesabu hapo juu. Hapo ndipo siri yako nayo inaweza kutoka, kwa mdomo wako, kabla haijatoka kwa mdomo wa mtoto. Sikulazimishi. Unajua wewe hasira zake zikoje na wakati gani moyo wake uko wazi.

Mama mkwe anahitaji kusikia neno moja ambalo mwanawe hakulisema: nimepimwa, na naogopa kuwa kama baba. Mwanamke aliyemzika mume kwa ugonjwa huo ataelewa upesi kuliko mtu yeyote. Lakini siri ya kipimo ni ya mumeo, si yako wala yangu, na ukiitoa bila ruhusa utakuwa umejisafisha kwa kumvua yeye. Bila kuigusa, bado unaweza kumpigia mama, umjulie hali, umwambie watoto wanamkumbuka na kwamba wewe hukukataa chochote chake. Anaweza asikuamini simu ya kwanza. Mpigie tena.

Nina ombi la mwisho kwenu wote wawili. Namba ile ya 6.6 ni ya siku moja. Kuanzia 6.1 mpaka 6.9 kabla ya kula huhesabiwa ni ukingoni, na kisukari hutajwa ikifika 7.0, lakini hospitali hawamhukumu mtu kwa kipimo kimoja. Hurudia, na mara nyingi huongeza kile cha wastani wa miezi mitatu. Arudi akapimwe, na aombe kuonana na mtaalamu wa lishe, maana aliambiwa apunguze sukari akaachwa aitafute mwenyewe kwenye simu. Nenda naye kama atakubali. Kaeni siku moja kabla mwandike maswali kwenye karatasi: embe kiasi gani, asali, tende, wali, watoto. Mwache ayaulize yeye.